Dawa ya Minyoo, Kama Utaona Inafaa

Nyumbani, 3 Machi

Mkwe wangu,

Salamu kwako na kwa mke wako. Mwambie mama yake ni mzima na goti limetulia. Dereva wa lori la vifaa amepita kuniuliza kama nina mzigo wa kuleta huko kwenye ujenzi wa bwawa, nikamwambia asubiri, kwa kuwa simu kwenu haishiki na jambo lenyewe halingoji. Amekaa sebuleni anakunywa chai. Mwandiko utausamehe.

Tangi lako la samaki limeingiliwa na wadudu.

Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani ni kutu, imedondoka kutoka kwenye ile stendi uliyoichomelea mwenyewe. Vidoadoa vya rangi ya kutu vimelala juu ya mawe. Nikavaa miwani. Kutu haitembei, mkwe wangu. Hivi vinateleza polepole, vyembamba kama ganda la kitunguu, na nyuma vina vimkia. Sasa vimepanda mpaka kwenye yale matumbawe ya kijani yanayocheza na maji, nayo yamejikunja hayataki kufunguka. Karani, yule samaki wako wa manjano anayekagua kila pango asubuhi kama mtu wa ofisini, anapita juu yake kama havimhusu.

Mimi nimekuwa muuguzi wa wodi mpaka nikastaafu. Minyoo ya tumbo naijua, ya maji ya chumvi sijawahi kuihudumia. Niambie nifanye nini na nitafanya. Tangu mliponichukua, baada ya mwenye nyumba kunitoa kule kwangu, hamjaniachia kazi hata moja. Nikishika vyombo mnasema niache, nikishika fagio mnasema nipumzike. Tangi hili ndilo jambo la kwanza mlilonikabidhi, na sitaki liharibike mikononi mwangu.

Wako,
Mama mkwe


Kambini, 11 Machi

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta salama, na goti nalo liendelee kutulia. Sisi hatujambo. Binti yako yuko ng'ambo ya mto na vifaa vyake vya kupimia ardhi, anakusalimu sana. Mimi nachomelea mabomba, kazi inakwenda.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Kwanza naomba radhi kwa usumbufu. Naona haya, mtu mzima kama wewe kuhangaishwa na vitu vyangu vya kuchezea. Hiyo ni minyoo bapa. Isikunyime usingizi hata kidogo. Ni kweli inazaana haraka, na ikifunika matumbawe yanakosa mwanga, lakini wenye matangi ya maji ya chumvi wameizoea.

Kwenye kabati chini ya tangi kuna chupa ndogo ya dawa, kipimo kimeandikwa juu yake. Kama utaona inafaa, mama, na kama goti linaruhusu, pengine ingekuwa vizuri kuipunguza minyoo kidogo kabla ya dawa, kwa kuinyonya na ule mpira mwembamba, lakini tafadhali usijisumbue. Wengine pia hupenda kuandaa maji mapya ya chumvi na mkaa wa kuchujia, ingawa sitaki ubebe ndoo kwa ajili yangu. Fanya utakavyoona mwenyewe. Lolote utakalofanya mimi nitaridhika.

Nakutakia kila la heri.

Mkweo


Nyumbani, 18 Machi

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea na bado sijui umeniambia nini. Umezunguka mbuyu wote, hukugusa hata gome. Wodini daktari alikuwa anaandika: mgonjwa huyu apewe hiki, kiasi hiki, kwa njia hii. Sikuwahi kuona cheti kimeandikwa "kama utaona inafaa". Ningekirudisha.

Wakati wewe unaniomba radhi, minyoo haiombi radhi mtu. Kioo cha mbele kimekuwa chekundu. Matumbawe ya kijani sasa siyaoni, yamevaa minyoo kama blanketi. Nilijaribu kuitoa kwa kibanio, mmoja mmoja. Nikiubana mnyoo unakatika, na kesho yake naapa kila kipande kinatembea kwa miguu yake, kama kingekuwa na miguu. Kwa hiyo nimekuwa nikizalisha. Nimekaa mbele ya tangi nimeloa hadi kwenye viwiko, nimekasirika, na hakuna wa kumkasirikia.

Basi nimeamua kukuelewa hivi. Mpira umesema nisijisumbue. Ndoo za maji hutaki nibebe. Kitu pekee ambacho hukukizungushia maneno ni dawa: ipo kabatini, kipimo kipo juu ya chupa. Nitaiweka Jumamosi. Kama nimekosea, nipe neno kupitia kwa dereva, amesema atarudi Ijumaa.

Mama mkwe


Nyumbani, 23 Machi

Mkwe wangu,

Karani amekufa. Nimeona nianze na hilo, nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dereva hakurudi Ijumaa. Nimesikia lori lilikwama kwenye matope njiani. Jumamosi asubuhi nikapima dawa kwa bomba la sindano, sikuzidisha hata tone, nikaimimina polepole. Muda si muda minyoo ikaanza kuachia mawe. Mkwe wangu, nilifurahi. Ilielea kama majani makavu, mingi ajabu, ikizunguka na mkondo wa pampu, nikamwita jirani wa nyumba ya pili aje aone. Tukasimama pale tunapongezana.

Halafu maji yakageuka rangi. Yakawa kama chai ya rangi. Wale wawili wadogo wenye mistari wakaanza kuhema juu juu, na Karani akawa anaogelea kiubavu, anagonga kioo. Mgonjwa anayekosa hewa namjua hata akiwa samaki. Nikakimbilia ndoo, nikakumbuka maji ya bomba hayana chumvi, nikakimbilia gunia la chumvi, sikujua kiasi. Mkaa nao sikuuona ulipo. Nilisimama katikati ya jikoni na ndoo mkononi, mimi niliyepokea majeruhi wa ajali za mabasi bila kutetemeka, nikawa sijui nishike lipi.

Wenye mistari walikwenda kwanza. Karani alijitahidi mpaka mchana. Amebaki yule mweusi mdogo anayejificha pangoni, sijui kama ni mzima au ni mkaidi tu. Matumbawe yote yamejifunga. Karani nimemweka kwenye friza ndani ya mfuko, nimeandika jina lake nje asije mtu akamkaanga. Nilidhani ungetaka kumwona.

Nimeumia sana. Niambie nilikosea wapi. Nilifuata maandishi yako, na ndani ya maandishi hayo kuna kitu kilichowaua. Nataka kukijua.

Mama mkwe


Kambini, 31 Machi

Mama yangu mheshimiwa,

Shikamoo, na pole sana kwa yote yaliyokupata. Barua zako mbili zimefika pamoja baada ya lori kunasuliwa.

Si neno, mama. Si neno kabisa. Samaki ni samaki tu, wanakuja na kuondoka. Hukukosea popote, mambo haya hutokea hata kwa wazoefu. Nakuomba sana usijilaumu, na jambo hilo tuliache.

Nimeona nikupunguzie mzigo. Nimemwandikia rafiki yangu mwenye duka la samaki aje mwisho wa mwezi ujao, akipata nafasi, amwage maji, azime pampu na taa, na achukue mawe. Hutalazimika kugusa kitu tena. Wewe kaa, pumzika, kula vizuri. Hayo ndiyo tunayoyataka kwako.

Nakushukuru kwa kila ulichojitahidi.

Mkweo


Nyumbani, 7 Aprili

Binti yangu,

Barua hii ni yako peke yako, mume wako usimsomee.

Nimeamua kuhamia kwa dada yangu mkubwa. Ana kitanda cha ziada na mdomo mrefu, nitaweza vyote viwili. Nitaondoka mwenye duka akishakuja, nimfungulie mlango na kumkabidhi funguo.

Usidhani nimegombana na mume wako. Ingekuwa nimegombana naye ningebaki. Ni mtu mzuri na amenishinda. Nimemuulia samaki wake, matumbawe aliyoyalea tangu yakiwa vipande vya ukubwa wa kidole nimeyatia sumu, na ameniandikia "si neno". Ulipokuwa mdogo ukivunja glasi, ulisikia sauti yangu mpaka barabarani. Jirani akija akavunja glasi hiyo hiyo, nilimwambia si neno, shoga, zipo nyingine. Tofauti yake naijua, mama. Nimeitumia maisha yangu yote.

Wewe mwenyewe fikiria. Nimemuuliza nilikosea wapi, hajanijibu. Hata kunifundisha ameona ni kunisumbua. Ameona bora amlete mtu wa nje azime kila kitu, ili mimi nibaki nimekaa kwenye chumba chenu cha wageni nile vizuri. Mimi si wa kulishwa tu. Nilikuwa naendesha wodi.

Sina hasira na wewe. Nina hasira, ila siyo na wewe.

Mama yako


Kambini, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usiende kwa mama mkubwa wala kwa mtu mwingine yeyote. Kaa hapo hapo. Na barua yako nimemsomea, tena kwa sauti, ukitaka kunigombeza nigombeze.

Nyinyi wawili mmenichosha. Mama, unajua alifanya nini barua yako ya Karani ilipofika? Alilipiga teke sanduku la zana mpaka likang'oka bawaba. Akatoka, akaenda mtoni, akarudi macho mekundu akisema ni moshi wa kuchomelea, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, hakuna aliyechomelea kitu. Chakula hakugusa. Kisha akakaa kuandika. Aliandika, akachana, akaandika, akachana, sakafu ikajaa karatasi. Niliokota moja, ilikuwa ya moto kweli kweli. Nikajua leo mama ataambiwa. Asubuhi namuuliza umetuma ipi, anasema nimemwambia si neno.

Huyu mtu anatukana mpaka nondo. Msimamizi wake wa kazi anamwogopa. Lakini akishika kalamu kukuandikia wewe anageuka kadi ya mwaliko. Nimemwambia heshima yako hiyo imeua samaki watatu, sasa inataka kumhamisha mama yangu.

Tena ujue kitu ambacho yeye hakukuambia. Minyoo hiyo hukuileta wewe. Aliileta mwenyewe na kile kipande cha tumbawe alichopewa wiki ya mwisho kabla hatujasafiri. Kinatakiwa kuogeshwa dawa kwanza kwenye beseni. Alikuwa na haraka ya kufunga mizigo, akakitumbukiza hivyo hivyo. Nilimwona.

Nimemkalisha mezani. Mimi nimekaa mlangoni na kiti changu, hatoki mpaka aandike kama anavyosema. Barua yake iko ndani ya bahasha hii hii, sijaibadilisha hata nukta.

Binti yako


Kambini, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mke wangu amekaa mlangoni.

Nimekasirika. Haya, nimeandika. Nimekasirika mpaka juzi nimeunganisha bomba kinyume nikalazimika kulikata upya, watu wote wanaangalia. Karani nilikuwa naye kabla sijamjua binti yako. Nilikuwa nikirudi kazini uso umejaa masizi, anakuja mbele ya kioo kunitazama. Samaki si samaki tu. Nilisema uongo.

Wewe ni muuguzi, mama. Uliona tangi zima limejaa minyoo, ukaiua yote kwa mara moja. Hukujiuliza maiti zote hizo zitakwenda wapi? Mnyoo huu una sumu mwilini, na ukifa unaiachia kwenye maji. Ikifa michache, maji yanaimudu. Ikifa yote siku moja, samaki wanakufa nayo. Ndiyo maana inanyonywa kwanza, siku baada ya siku, mpaka ibaki ya kuhesabika, halafu ndiyo dawa, na mkaa na maji mapya yawe yanasubiri pembeni. Hicho ndicho kilichowaua. Uliniuliza na sikukujibu.

Na hasira kubwa zaidi ni yangu mimi kwangu mimi. Nilijua haya yote. Nilitaka kuandika: nyonya mpaka mkono ufe ganzi. Kalamu ikaandika "usijisumbue". Nimelelewa kwamba nikisimama mbele ya mama wa mke wangu niangalie chini, na barua yangu nayo ikaangalia chini. Nilidhani nakuheshimu. Nilikuwa nakuogopa, na nilijificha nyuma ya heshima.

Kwa kuwa nimeshaanza, kuna redio. Tangu uhamie unaiweka juu ya kifuniko cha tangi. Chini yake kuna maji ya chumvi, mama, na nyuma yake kuna umeme. Kila usiku niliitoa, kila asubuhi niliikuta imerudi, nikakwambia umeamkaje. Itoe.

Sasa nisikilize. Mwenye duka nimemwambia asije. Minyoo haijaisha, huwa inabaki ndani ya mawe, na itarudi mingi kuliko mwanzo. Fanya hivi. Mkaa uko ndani ya kopo la rangi nyuma ya jiko, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Chumvi, kipimo ni kikombe cha bluu kilichomo ndani ya gunia, kimoja kilichosawazishwa kwa kila lita sita. Andaa ndoo zote ulizonazo, na uache pampu ndogo ikoroge hadi kesho yake. Kila asubuhi ukiwasha taa minyoo inatoka kuifuata, inyonye hapo hapo. Usiache siku hata moja. Ukiona umekaa mbele ya kioo kwa muda mrefu na huoni mnyoo hata mmoja, weka dawa. Maji yakianza tu kubadilika, tumbukiza mkaa na ubadilishe maji. Usiite jirani kuja kutazama.

Na Karani mtoe kwenye friza umzike.

Usiende kwa dada yako. Hapa sikuombi. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hii, na hata angekuwepo ningekutaka wewe.

Mkweo


Nyumbani, 10 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Ilikuwa mbaya sana. Nililia kidogo na baadaye nikala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Kazi imefanyika, na naomba usiniambie asante maana bado mgongo unauma. Nilinyonya kila asubuhi. Mpira wako ulikuwa unamwaga maji mengi pamoja na minyoo, gunia la chumvi lingeisha, kwa hiyo niliufunga soksi kuukuu mwishoni. Minyoo inabaki kwenye soksi, maji yanarudi. Sijui kwa nini hukulifikiria hilo mwenyewe. Siku nyingine nilikuwa naona tangi safi, nashusha pumzi, kesho yake nawasha taa nakuta imejaa tena kwenye jiwe la kati, nikatamani kuliponda na nyundo. Nilikutukana pia, moyoni, na siku moja kwa sauti.

Juzi nilikaa mbele ya kioo, chai ikapoa mkononi, sikuona hata mmoja. Jana nikaweka dawa. Minyoo iliyokuwa imejificha ilitoka, michache, ikaelea. Maji yalianza kubadilika rangi na mimi mkaa ninao mkononi. Nimebadilisha maji mpaka jioni. Leo asubuhi yule mweusi wa pangoni ametoka nje na amekula. Matumbawe ya kijani yamefunguka nusu. Lile gumu la kona limekufa, limebaki jeupe kama mfupa, sikufichi. Karani nimemzika.

Redio nimeitoa kwenye kifuniko, hapo una haki. Nimeiweka juu ya kiti chako.

Sasa zamu yangu, maana mimi nimekaa nikigombezwa kama mtoto na wewe hujaguswa. Binti yangu ameniambia kuhusu kile kipande. Mgonjwa mpya hapelekwi moja kwa moja wodini kwa sababu muuguzi ana haraka ya safari. Mtu mzima, fundi, unajua dawa ipo, unajua beseni lipo, unatumbukiza tu na kufunga begi. Wale samaki tumewaua sote wawili, mkwe wangu, na wewe ndiye uliyeanza. Usirudie.

Mkirudi najua utapita kwa huyo rafiki yako na utashawishika, nakujua. Tumbawe lolote utakalokuja nalo lisiingie kwenye tangi kabla sijaliona mimi. Beseni la kulitenga nimeshaliandaa. Lipo chumbani kwangu, chini ya dirisha.

Mama